Siku Baba Aliponyamaza Duarani

Baba yangu, Mahona, ni mwoga. Nasema mimi niliyetoka kiunoni mwake. Wewe usilirudie mbele yangu. Anaogopa radi, anaogopa sindano, na ng'ombe dume akiinua kichwa tu, baba yuko upande wa pili wa boma anatoa maagizo. Mama yangu, Nyamizi, amemcheka miaka yote ya ndoa yao na yeye hajawahi kukasirika. Humjibu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, halafu anaomba maji ya kunywa.

Lakini mwoga huyo huyo alikuwa manju. Kwetu Sola, wilaya ya Maswa, watu hulima kwa kikundi. Ngoma inatangulia, manju anatoa wimbo, kikundi kinaitikia, na majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Shamba ambalo mtu na mkewe wangelihangaikia mwezi mzima linakwisha asubuhi moja, na watu wanaondoka wakicheka. Baba alikuwa na sauti ya kuita mtu kutoka kijiji cha pili. Wimbo wake uliopendwa ulianza kwa swali: "Jua limefika wapi?" Kikundi kinajibu: "Limefika mgongoni." Basi, jembe linashuka. Niliwahi kumuuliza mtu mwoga kama yeye anawezaje kusimama mbele ya umati. Akaniambia, "Martha, nikiimba, sisikii moyo wangu."

Hilo ndilo la kulijua kabla sijakupeleka Isuluma.

Ilikuwa zama za ruksa. Serikali ilikuwa imelegeza kamba, kila mtu auze anachoweza na anunue anachotaka. Madukani Maswa kulikuwa na sabuni za kila rangi, redio, na mitumba iliyofungwa kama marobota ya pamba. Pamba yenyewe, ambayo ndiyo ingetununulia hivyo vyote, ilikuwa ghalani inaoza kwa kukosa gari. Ndipo habari zikaja kutoka upande wa Bariadi kwamba kilima cha Isuluma kinatoa dhahabu, na kwamba sasa mtu anauza dhahabu yake mchana kweupe bila kukimbizwa na askari. Vijana wa Sola wakaanza kupungua mmoja mmoja. Kwenye kikundi cha kulima wimbo ulipungukiwa waitikiaji.

Katika ukoo wetu, mjomba wangu Nyanda alikuwa wa kwanza kupandwa na homa hiyo. Yeye ni mdogo wake mama, mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa bibi yangu Ng'washi; wengine walikwisha kwa surua wangali wadogo. Bibi alimsihi, akalia, akaacha kula. Nyanda akamwambia ataondoka hata kama ni kwa kutoroka. Bibi alipoona maji yamemfika shingoni, akamwita mama na kumpa ujumbe wa kumpelekea baba: "Mwambie mume wako aende naye. Nimempa kijana, anirudishie kijana. Dhahabu sina haja nayo."

Hebu fikiria. Katika wanaume wote wa Sola, bibi alimchagua yule anayekimbia majogoo. Mama alipomuuliza sababu, bibi alisema mwoga hatamwacha Nyanda afanye upumbavu. Baba hakulala vizuri tangu siku hiyo, lakini mkwe akisema, unakwenda.

Waliondoka wao wawili na jirani yetu Josia, mwenye baiskeli. Juu ya baiskeli walifunga unga, sufuria, na majembe. Ndiyo, majembe. Walikwenda kuchimba dhahabu na majembe ya kupalilia pamba, na walipofika Isuluma walichekwa mpaka jua likazama.

Baba anasema aliiogopa Isuluma kabla hajaiona, kwa harufu yake. Moshi, kinyesi, na udongo uliofukuliwa kutoka chini sana, ambao hauna harufu ya shamba. Kilima kilikuwa kimetobolewa kila mahali. Vibanda vya turubai vilibanana katikati ya mashimo, na mtoto au mlevi akikosea hatua moja ndiyo imetoka. Maji yaliuzwa kwa dumu, ya njano, na watu waliharisha mpaka wengine wakabebwa kwenye machela za matawi. Macho ya wachimbaji yalikuwa mekundu kwa vumbi. Kila mmoja alikohoa. Usiku watu walilala wamekumbatia viroba vyao vya mawe, panga pembeni.

Karibu na mahali walipopewa kujenga kibanda kulikuwa na duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, ambalo mdomo wake ulifunikwa matawi ya miiba. Baba akauliza mbona limefunikwa. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi kando yake akamwambia lilianguka juma lililopita na watu wawili bado wamo. Akageuza maandazi yake. Baba alitaka kurudi nyumbani jioni ile ile.

"Rudi, shemeji," Nyanda akamwambia, bila ubaya. "Mimi nabaki. Nitawaambia wote kwamba ulinifikisha salama."

Baba akakaa chini. Kurudi Sola bila Nyanda kulimtisha kuliko kilima.

Walipata kazi kwenye duara la tajiri mmoja ambaye mwenyewe alikuwa Mwanza na hakuonekana hata siku moja. Josia alipangiwa winchi, ile mashine ya mkono ya kuvutia viroba kutoka chini. Baba na Nyanda walipangiwa kushuka. Na aliyesimamia kila kitu kilichokuwa chini alikuwa mfunga matimba, yaani mtu anayesimamisha miti ya kuzuia udongo usianguke. Jina lake Mashimba, kutoka Bukundi huko Meatu. Baba alipomwona, alirudi nyuma ya Nyanda. Walikuwa wanafahamiana.

Sasa hapa mgeni wa Usukumani lazima nimshike mkono. Ngoma zetu zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na baada ya mavuno pande hizo hushindana. Manju wa huku na manju wa kule wanaimba kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kila upande una dawa zake. Dawa ya kuvuta watu, dawa ya kuzuia mvua, na inayoogopwa kuliko zote, dawa ya kumfunga manju wa wenzenu mdomo. Baba ni Mgalu. Mashimba ni Mgika. Mwaka mmoja uwanjani Maswa, baba akiwa katikati ya wimbo wake bora, sauti ilimkatika kama uzi. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Watu wote wakahamia kwa Bagika, na aliyekuwa mbele kule akipiga ngoma na kumwangalia alikuwa Mashimba.

Kwa hiyo siku ya kwanza, Mashimba alipowakusanya kwenye mdomo wa duara na kuwapa masharti, baba alikuwa na masikio ya aina yake.

"Humu hakuna kuimba," Mashimba alisema. "Hakuna kupiga mluzi wala kupiga soga. Mti kabla haujavunjika unalia. Ukilia, unaacha nyundo, unaacha kiroba, unatoka. Nataka kila mtu ausikie. Mmeelewa?"

Wote wakaitika. Baba akamnong'oneza Nyanda, "Umemsikia? Alinifunga Maswa, na huku anataka kunifunga tena." Nyanda akacheka. Baba hakuwa anatania hata kidogo. Mtu yeyote wa Shinyanga au Geita aliyezoea machimbo angelisikia sharti lile kama sharti. Mgalu aliyewahi kupoteza sauti mbele ya watu alisikia vita.

Kushuka kulikuwa hivi. Unashika kamba, unakanyaga vishimo vilivyochongwa ukutani, tochi umeifunga kichwani kwa mpira wa baiskeli. Unashuka mpaka ukiangalia juu, mdomo wa duara ni kama kisahani. Kule chini inaanza njia ya pembeni, nyembamba, inayofuata mwamba. Unaiingia kwa magoti. Huwezi kugeuka, ukitaka kutoka unarudi kinyumenyume. Hewa ni nzito na ya moto, na ukuta unakugusa mabega yote mawili. Nyanda, kwa kuwa ni mwembamba na hana woga, alikaa mbele kabisa akigonga mwamba kwa moko, ile patasi nene ya chuma, na nyundo. Baba alikaa nyuma yake, karibu na duara, akijaza viroba.

"Nilikufa kila asubuhi," baba ananiambia. "Wengine wanakufa mara moja, mimi nilikuwa nazoea."

Kwa kuwa hakukuwa na wimbo, alisikia kila kitu. Alisikia moyo wake masikioni, alisikia damu, alisikia punje ya mchanga ikidondoka na akajua ndiyo mwisho. Akajifunza kuhesabu pumzi za Nyanda kule mbele, na zikichelewa anaita. Nyanda anamjibu kwa hasira kwamba anafanya kazi. Majuma yakapita hivyo. Mawe waliyopata yalitwangwa kwenye vinu, yakachekechwa, na baada ya kila mwenye fungu kuchukua fungu lake walibaki na kitu cha kununua unga na maji. Nyanda kila jioni alisema mwamba unakaribia kunenepa, yaani kutoa dhahabu nyingi. Baba kila jioni alimwambia twende nyumbani.

Mashimba hakukaa chini muda wote. Alikuwa na maduara mengine ya kukagua. Ndipo siku moja, miguu ya Mashimba ilipotoweka juu, baba akaanza kuvumisha wimbo, taratibu, ndani ya meno. Moyo ukanyamaza. Akatoa sauti kidogo zaidi. Kule mbele Nyanda akaitikia huku akicheka, na nyundo yake ikashika mdundo. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Mashimba akiwepo, kimya. Akiondoka, wanalima chini ya ardhi kama wako shambani Sola. Baba alianza hata kuona njaa.

Siachi kumkasirikia ninapofika hapa. Alikuwa ameambiwa sababu, kwa Kiswahili chepesi, na mtu asiye na haja ya kumdanganya. Lakini woga unachagua cha kuamini, na wake ulichagua kile kilichompa nafuu.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi ukuta wa duara ulikuwa unatoa jasho. Mashimba alishuka, akagonga kila mti kwa kipini cha shoka akisikiliza, akapanda tena kwenda kuchagua miti mipya. Alipopita kwa baba alisema, "Leo msikilize sana. Nikirudi tunabadilisha ile ya kwenye kona."

Matone yalidondoka shingoni mwa baba. Kila tone lilimshtua. Akavumilia, akavumilia, akashindwa, akatoa wimbo kwa sauti ya kweli, kwa kuwa siku hiyo woga ulikuwa mkubwa kuliko siku zote.

"Jua limefika wapi?"

"Limefika mgongoni," Nyanda akajibu kutoka ndani, nyuma ya kona, na nyundo ikashuka.

Wote wawili wanakubali kwamba hawajawahi kuimba vizuri vile. Kama mti ulilia, hakuna aliyeusikia. Baba alisikia kwanza upepo, upepo mahali pasipo na upepo, ukamsukuma kifuani. Halafu mshindo usio mkubwa, kama gunia likitupwa chini. Halafu vumbi, na mahali ambapo kona ilikuwepo pakawa ukuta.

Baba alikimbia.

Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe analisema wazi. Hakuita jina, hakugusa ule udongo. Alirudi kinyumenyume akiacha ngozi ya magoti, akapanda kamba, akampita Josia kwenye winchi, na miguu ikamfikisha kwenye jiko la yule mama wa maandazi ndipo ikakataa. Josia alikuwa akipiga kelele. Watu wakaja mbio kutoka pande zote, wanawake wakaanza kulia, na mtu mmoja tayari alikuwa ameshika tawi la miiba.

Mashimba ndiye aliyemkuta. Alimwinua kwa kola ya shati.

"Nani kabaki?"

"Shemeji yangu."

"Kabla ya kona au baada?"

"Baada. Kuna jiwe limetokeza kushoto, amekaa chini yake."

"Utanionyesha."

"Nimeshakuambia ndugu yangu. Ni pale."

"Njia imejaa udongo. Nikikosea nusu hatua nachimba pembeni yake mpaka kesho. Wewe umepita pale kila siku kwa magoti, mkono wako unapajua. Shika kamba."

Haja ndogo ilimtoka baba pale pale, mbele ya wanawake. Mashimba akaona. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata mimi, mara ya kwanza. Shika kamba. Na ukifungua mdomo kule chini nakuacha."

Josia alibaki juu akiwasukuma watu mbali na mdomo wa duara, maana kila mguu ulitikisa udongo. Wao wawili wakashuka.

Baba hasimulii sehemu hii akiwa amekaa. Husimama, hufunga mlango, hufungua. Walikuwa na mikono na kibakuli kimoja cha bati, kwa kuwa jembe lolote lingetikisa yaliyobaki. Baba mbele, kwa sababu ndiye aliyejua njia. Mashimba nyuma yake, akipokea udongo na kusimamisha vipande vya miti kila walipopata nafasi ya kiwiko. Baada ya muda tochi ya baba ikafifia na kuzima, na Mashimba akaiacha yake nyuma kwa ajili ya matimba. Baba akachimba gizani kwa kupapasa. Na sasa, kwa mara ya kwanza, aliyasikia matimba yakilia. Sauti ndogo, kama mlango wa ghala unaofunguliwa na mtu asiyetaka kujulikana. Kila sauti ilipotoka, Mashimba alimvuta kifundo cha mguu, wakarudi nyuma, wakalala wakisubiri. Njia isipoanguka, walirudi mbele kuchimba. Baba alitamani kila mara iwe ndiyo amri ya kutoka kabisa.

Ndipo wakasikia mtu, nyuma ya udongo, kama aliye ndani ya mtungi.

"Jua limefika wapi?"

Nyanda alikuwa hai. Na hakuita jina la mtu. Alianzisha wimbo, akachukua sehemu ya manju, ili manju mwenyewe kama yuko karibu amjibu. Baba akavuta pumzi kuitikia. Ilikuwa imefika kooni. Mkono wa Mashimba ukapita juu ya bega lake na kumziba mdomo, mkono uliojaa udongo, na juu yao mti ukalia kwa muda mrefu.

"Jua limefika wapi?"

Baba akachimba. Machozi yalimtoka na hakuweza hata kupenga, kwa kuwa kupenga nako kuna sauti.

Nyanda aliita tena na tena. Halafu akaacha wimbo, akaita kwa jina. "Mahona. Shemeji." Akaomba. Akasema mguu umebanwa, hewa inakwisha, agongewe tu jiwe ajue kuna mtu. Wasingeweza kugonga jiwe. Kisha akakasirika. Akasema, "Umenikimbia. Nilijua. Dada yangu ameolewa na mwanamke mwenzake." Akasema kama atakufa basi baba asikanyage msiba wake, na asile tena mkononi mwa bibi Ng'washi. Kwetu maneno ya mtu anayekufa si ya kuchezea. Yanakufuata wewe na watoto wako, na mimi ni mmoja wa hao watoto. Baba aliyasikia yote, moja baada ya jingine, na neno dogo tu lingeyazuia. Alikuwa umbali wa mkono. Alichimba akiwa amejiuma mdomo mpaka akaonja damu. Hakuwa na wimbo, kwa hiyo moyo wake aliusikia wote.

Mwishoni Nyanda akamwita mama yake, taratibu, kama mtoto anayetaka maji. Kisha kimya.

Baba anasema hapo ndipo alipoomba afe yeye. Si kwa ushujaa. Alifikiri tu namna atakavyofika Sola.

Vidole vyake vikapenya upande wa pili. Akapanua tundu, akaingiza mkono mpaka begani, akagusa uso wa mtu. Uso wenye joto. Nyanda, aliyekuwa kwenye giza ambamo hakuna aliyemjibu, akahisi mkono usio na sauti ukimpapasa, na akajua ni wale wawili wa duara lililofunikwa miiba wamekuja kumchukua. Akapiga yowe, akauma ule mkono, akajivuta nyuma kadiri mguu ulivyomruhusu. Udongo ukaanza kumwagika.

Baba akavunja sharti. Akasogeza mdomo kwenye lile tundu na kusema kwa pumzi tu, "Nyanda. Ni mimi. Nyamaza tuusikie mti."

Nyanda akanyamaza. Wakabaki watatu gizani, wakisikiliza. Mti ukalia, ukaacha. Mashimba akaguna puani, yaani endeleeni.

Watu wa Isuluma walisema baadaye kwamba njia ile haikuanguka tena, na kwamba hata kama baba angeitikia wimbo isingekuwa kitu. Labda. Wao hawakuwa chini.

Walimtoa mchana umeshageuka. Mguu wa kulia ulikuwa umepondeka chini ya goti. Juu, kwenye mwanga, Nyanda alifumba macho kwa muda, halafu akamtazama baba. Kucha za baba hazikuwepo.

"Nilikuita," Nyanda akasema.

"Nilikusikia."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Nyanda hakuuliza kama na yale mengine aliyasikia. Alishika shati la baba kifuani na hakuliachia. Walimweka kwenye machela, baba akatembea ameinama pembeni kwa sababu ya ule mkono. Walimpandisha kwenye lori lililokuja na maji, baba akapanda naye hivyo hivyo. Kwenye zahanati mganga alipotaka kumlaza, vidole vilikuwa vimekaza, ikabidi wakate shati. Mashimba alikuwa amewasindikiza. Baba alimuuliza kama ni kweli walimwekea dawa mwaka ule Maswa.

"Tulikuwekea," Mashimba akasema. "Ngoma ni ngoma. Lakini nadhani ulimeza vumbi tu."

Baba aliondoka kwenda Sola kutoa habari, amevaa koti la kuazima lisilo na vifungo. Habari za duara kuanguka zilikuwa zimemtangulia, bila jina la aliyepona. Alipokaribia, aliona watu wamekaa nje ya nyumba ya bibi, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, moto wa msiba umeshawashwa. Mkwe kwetu hasogelewi hovyo. Unasimama mbali, unasalimia ukiangalia chini, unasubiri mtu wa katikati apeleke maneno. Baba hakusalimia. Alipita katikati ya watu mpaka mbele ya bibi Ng'washi, akamwangalia usoni.

"Yuko hai. Mguu umeumia, lakini yuko hai. Yuko zahanati."

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Bibi aliiangalia mikono ya baba iliyofungwa matambara, koti la watu, magoti yasiyo na ngozi.

"Na wewe, baba," akamuuliza. "Wewe uko hai?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hilo. Baba akakaa chini kwenye vumbi mbele ya mkwewe, akalia kwa sauti, na bibi akasimama pale pale mpaka alipomaliza.